Kiungulia cha Usiku: Anza na Saa ya Kula, Mengine Yafuate

Mtu akilalamika kwamba kifua kinamwaka usiku, jambo la kwanza analopewa ni orodha ya vyakula vya kuacha. Acha maharage, acha pilipili, acha machungwa, acha chai ya maziwa. Anaacha vyote, anabaki na ugali na mlenda, na usiku wa manane bado anaamka na maji machungu kooni. Hapa Mwanza wengi wetu tunakula chakula kizito kuliko vyote saa tatu au saa nne usiku, kisha tunapanda kitandani ugali ukiwa bado haujashuka. Ukiniuliza wapi pa kuanzia, nitakwambia anza hapo. Sogeza saa ya kula, inua kitanda, ndipo uanze kuchagua mboga.

Kinachotokea ni hiki. Tumbo linatengeneza asidi kali ya kusaga chakula, na ukuta wake umeumbwa kuihimili. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, haukuumbwa hivyo. Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha tonge, kisha unajifunga. Msuli ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi inapanda juu na kuunguza. Ukiwa umekaa au umesimama, uzito wake wenyewe unaivuta chini. Ukilala chali umeshiba, umekuwa dumu la maji lililolazwa huku kifuniko kimelegea. Chakula cha kawaida huchukua saa mbili hadi nne kutoka tumboni, na chenye mafuta mengi hukaa zaidi ya hapo.

Hakikisha kwanza unachougua ni hicho. Kiungulia ni moto nyuma ya mfupa wa kifua, unaopanda kuelekea kooni, pamoja na uchachu au uchungu mdomoni, na unazidi ukiinama au ukilala. Wengine hawasikii moto sana, ila wana kikohozi kikavu cha usiku au wanaamka sauti imekwaruza. Maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja ukiwa na njaa na kutulia ukila yanaweza kuwa vidonda vya tumbo. Hayo yanahitaji vipimo, na mwongozo huu hautayatibu.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki moja bila kubadilisha chochote

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kila siku andika mambo manne: saa uliyomaliza kula chakula cha usiku, ulichokula, saa uliyolala, na saa kiungulia kilipoanza kama kilianza. Andika pia dawa yoyote uliyomeza, hata ile ya mgongo uliyopewa na jirani. Usijaribu kuwa mtu mwema wiki hiyo. Kula kama kawaida yako. Mwisho wa wiki soma kuanzia juu hadi chini. Watu wengi hukuta siku mbaya zinafanana: wamechelewa kurudi, wamekula sana, wamelala papo hapo. Ukikuta chakula fulani kinajirudia kila usiku mbaya, hicho ndicho cha kukijaribu baadaye, na utakuwa umejiokoa na ile orodha ndefu ya majirani.

Hatua ya 2: Weka saa tatu kati ya tonge la mwisho na mto

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo ngumu. Ukilala saa nne usiku, tonge la mwisho liwe saa moja. Saa mbili za nafasi zinasaidia, tatu ni bora.

Ugumu unajulikana. Mtu anafunga meza yake Mwaloni au Makoroboi jua limeshazama, anagombania daladala ya Buhongwa au Kisesa, anafika nyumbani saa mbili na nusu, jiko la mkaa ndiyo kwanza linawashwa. Ukimwambia mtu huyo ale saa moja, umemwambia asile. Kwa hiyo hamisha uzito wa chakula badala ya kuhangaika na saa ya kufika nyumbani. Mlo mkubwa, ule wa ugali na samaki, uwe mchana wa kuchelewa: saa tisa au saa kumi jioni kwa mama lishe, au chakula ulichobeba asubuhi kwenye hotpoti. Ukifika nyumbani usiku, kula chepesi: uji wa dona usio na ndimu, au viazi vitamu viwili vya kuchemsha, au bakuli dogo la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Tumbo halitalia njaa, na halitakuwa limejaa ukijilaza.

Kwenye nyumba nyingi familia nzima inamsubiri baba ndipo ipakue. Ni desturi nzuri, lakini mwenye kiungulia apakuliwe mapema pamoja na watoto, kisha akae mezani na wenzake azungumze. Mkipanga jambo hili mkiwa wawili, mume na mke, linakwenda. Mgonjwa akijipangia peke yake, wenzake wataona anawatenga.

Kuna pia kukaribishwa. Ukimtembelea mtu saa mbili usiku, hasa vijijini upande wa Magu au Misungwi, chakula kitakuja, na kukikataa kunaumiza. Sema ukweli mapema kabla hakijapikwa: "Mama, nashukuru sana, ila nimekula jioni kwa sababu kiungulia kinanisumbua usiku. Naomba nionje kidogo tu." Ukionja tonge mbili tatu umemheshimu, na hutalala umejaa.

Kwa wanaofunga Ramadhani, futari isiwe mlo mmoja mkubwa. Anza na tende na uji, swali, kisha kula kilichobaki mapema. Daku ndiyo yenye hatari zaidi, maana watu hula na kurudi kulala. Kula daku kiasi, kisha kaa hadi swala ya alfajiri na baada yake kabla hujajinyoosha tena.

Hatua ya 3: Punguza kiasi na mwendo

Tumbo lililotanuka linausukuma ule msuli ufunguke, hata kama chakula chenyewe ni kizuri. Hapa kula kwenye sinia moja kuna mtego wake: unakula kwa kasi ya mwenye njaa kuliko wote, na hujui umekula kiasi gani. Usiku, pakua kwenye sahani yako. Matonge yawe madogo, na samaki atafunwe polepole. Maji mengi na soda katikati ya kula vinaongeza ujazo, na gesi ya soda inaleta mbeu zinazobeba asidi. Kunywa maji yako kati ya mlo na mlo.

Hatua ya 4: Inua kitanda, siyo mito

Watu huongeza mito miwili mitatu chini ya kichwa na kuona haisaidii. Mito inakunja shingo na kiuno, tumbo linabanwa, asidi inapata nguvu ya kupanda. Kinachotakiwa ni mwili wote kuanzia kiunoni uinuke taratibu kuelekea kichwani.

Kama una kitanda cha mbao, inua miguu miwili ya kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la kuchoma linaweza kufanya kazi, lakini linamomonyoka na kuteleza kwenye sakafu ya saruji, na kitanda kinaweza kuanguka usiku mtu akigeuka. Bora upite kwa seremala, umwombe vipande viwili vya mbao ngumu vya unene sawa, avichimbe kishimo juu ambamo mguu wa kitanda utakaa. Ni kazi ndogo kwake. Weka kipande cha mpira wa ndani wa tairi chini ya kila kimoja kisiteleze. Kitanda kikishasimama, kitikise kwa mikono miwili kabla ya kulala juu yake. Mkilala wawili, mjulishe mwenzako. Siku mbili tatu za kwanza mtajikuta mnateleza kuelekea miguuni, kisha mwili unazoea.

Angalia chandarua pia. Upande wa kichwani umepanda, kwa hiyo sehemu ya kuchomekea chini ya godoro imepungua, na hapa kwetu mbu hawakosi. Shusha kamba ya chandarua au uihamishe mpaka kifike tena chini ya godoro pande zote.

Unayelala kwenye godoro chini, kunja magunia makavu au blanketi zito, uliweke chini ya godoro kuanzia usawa wa kiuno, nene kwenye kichwa na jembamba kuelekea kiunoni, ili upate mteremko laini.

Kisha lalia ubavu wa kushoto. Tumbo limeelekea upande huo, na ukilala hivyo mlango wa umio unakuwa juu ya asidi badala ya kuzama ndani yake. Ukilalia kulia inakuwa kinyume chake. Utageuka usingizini, hilo haliepukiki, lakini anza usiku kushoto.

Hatua ya 5: Sasa angalia sahani

Mafuta ndiyo ya kwanza. Yanachelewesha chakula kutoka tumboni, na yanaulegeza ule msuli. Ndiyo maana mapanki ya kukaanga (mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu), chipsi mayai, mihogo ya kukaanga na sangara mnono hukusumbua kuliko sato wa kuchemsha. Samaki siyo adui, na sisi wa ziwani tuna bahati ya kuwa naye: sato au dagaa wa mchuzi mwepesi ni chakula kizuri kwa mwenye kiungulia. Mkaange mchana ukimtamani, usiku mchemshe.

Baada ya mafuta, watu wanatofautiana sana. Nyanya nyingi za kwenye rosti, kachumbari yenye vitunguu vibichi, pilipili, ndimu, machungwa, kahawa, chai nzito, chokoleti na mnanaa huwasumbua wengi, wala siyo wote. Rudi kwenye daftari lako. Toa kimoja kwa wiki, uone. Kama hakuna tofauti, kirudishe. Sipendi kuona mtu mwenye kipato kidogo akiacha maharage, ambayo ndiyo protini yake, kwa sababu tu ameambiwa na jirani.

Maji ya ndimu yanayosifiwa kila mahali kuwa yanatibu kiungulia ni asidi juu ya umio ulioungua. Kama yanakuunguza, yaache bila kubishana na anayeyasifia. Maziwa yanapoza kwa muda mfupi, kisha tumbo linatoa asidi zaidi ya kuyasaga, kwa hiyo glasi kubwa ya maziwa kabla ya kulala inaweza kukuamsha saa nane. Magadi yanapunguza asidi kweli, lakini yana chumvi ya sodiamu nyingi, na mwenye presha au mjamzito asiyalambe.

Chai nayo ina jambo lake. Wengi wetu tunainywa ikitoka moja kwa moja kwenye chupa, tunaivuta kwa kelele kwa sababu inaunguza. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Saratani hiyo iko juu katika ukanda wa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Mimina chai, iache ipoe mpaka uweze kuinywa bila kuivuta.

Hatua ya 6: Kinachobana na kinacholegeza

Kitambi kinasukuma tumbo kutoka nje saa 24. Kupunguza uzito, hata kilo chache, kunasaidia sana. Baada ya kula tembea taratibu. Usibebe ndoo ya maji kupanda nayo milima ya Mabatini au Igogo tumbo likiwa limejaa. Legeza mkanda. Kanga iliyofungwa kwa nguvu kiunoni inabana vilevile.

Sigara inaulegeza msuli na kukausha mate, ambayo ndiyo yanayosafisha asidi kwenye umio. Pombe nayo inaulegeza, na bia na nyama choma saa tano usiku ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko yote niliyoyataja.

Kwa wanaofanya kazi ziwani

Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, taa zikiwa majini, na analala asubuhi. Kwake ushauri wa "usile usiku" hauna maana. Saa zake zigeuzwe: kula mlo mzito mchana baada ya kuamka, saa kadhaa kabla ya kuingia ziwani, kwa sababu kuvuta nyavu umeinama na tumbo limejaa ni kujisukumia asidi kooni. Beba chakula chepesi mtumbwini. Ukirudi alfajiri, usile ugali na samaki wa moto kisha ujitupe kambini. Kunywa uji, lala, ugali utakusubiri.

Kwa akina mama wanaoanika dagaa, kuinama ndiko kunakoumiza. Anika mapema kabla ya kula, au tumia chanja iliyoinuliwa hadi usawa wa kiuno. Mkiwa mnaanika kwenye mchanga, chuchumaa kwa magoti badala ya kukunja kiuno. Chanja ina faida nyingine: dagaa hukauka bila mchanga na bei yake ni nzuri zaidi.

Mjamzito

Homoni za ujauzito zinaulegeza msuli, na mtoto akikua anausukuma mfuko wa tumbo juu. Kiungulia cha miezi ya mwisho kwa kawaida huisha mtoto akizaliwa. Hatua ya 2, ya 3 na ya 4 ni salama kabisa kwako, na kulalia kushoto kunakufaa kwa sababu nyingine pia: damu inapita vizuri kwenda kwa mtoto. Udongo wa kula, hata kama unatuliza, unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na unazuia mwili kufyonza madini ya chuma, ukaishiwa damu wakati unapoihitaji kuliko siku zote. Kiungulia kikizidi, mwambie nesi wa kliniki. Dawa zinazomfaa mjamzito zipo.

Kuhusu dawa

Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna vinatuliza haraka, na kwa mtu anayepata kiungulia mara moja moja vinatosha. Visinywewe pamoja na dawa nyingine, hasa antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, au vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu vinazuia zisifyonzwe. Acha nafasi ya saa mbili au zaidi.

Omeprazo, dawa inayopunguza asidi inayotengenezwa tumboni, ni tofauti, na watu wengi wanaitumia vibaya. Wanaimeza kifua kikishaanza kuwaka, kisha wanasema haifanyi kazi. Inafanya kazi ukiimeza dakika 30 kabla ya kifungua kinywa, kila siku kwa muda aliokupangia daktari, ambao mara nyingi ni wiki 4 hadi 8. Usijinunulie miezi na miezi bila kupimwa.

Kuna dawa zinazoleta shida yenyewe. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaumiza tumbo, na hapa zinanunuliwa kama karanga. Doksisaiklini ikimezwa kwa maji kidogo kisha mtu akalala, kidonge kinaweza kunasa kwenye umio na kuuchoma. Meza na glasi nzima ya maji, kaa wima nusu saa. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, zinaweza kuulegeza msuli. Usiziache. Mweleze daktari aliyekuandikia, abadilishe mwenyewe.

Wakati wa kuacha mwongozo huu na kwenda hospitali

Zipe hatua hizi wiki mbili hadi nne. Kama kiungulia bado kinakuja zaidi ya mara mbili kwa wiki, nenda ukapimwe. Usisubiri hata siku moja ukiona haya: chakula kinakwama ukimeza, kwanza ugali kisha hata uji, unapungua uzito bila kutaka, umeishiwa damu, unatapika kila mara, kinyesi ni cheusi na kinanata. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda kwenye mkono au taya, pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi, yachukue kuwa ni moyo mpaka daktari aseme vingine, na uende saa hiyohiyo.

Kutapika damu kuna uzito wa pekee kwa watu wa ziwani. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea visiwani na kando ya ziwa, kinaharibu mishipa ya ini kwa miaka mingi, na mishipa iliyovimba kwenye sehemu ya chini ya umio inaweza kupasuka ghafla. Mtu anaambiwa ana vidonda vya tumbo, ananunua dawa za asidi, na kumbe chanzo ni kichocho. Aliyetapika damu Ukerewe, Ukara au Kome anahitaji kituo cha afya kilicho karibu mara moja, na rufaa, siyo chupa ya dawa ya tumbo.

Daktari akitaka kuona ndani, atakuandikia kipimo cha kumeza mpira wenye kamera. Kwa kanda yetu kinafanyika hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Unaenda bila kula kuanzia usiku uliotangulia, na maji pia unaacha saa chache kabla kama utakavyoelekezwa. Koo linapulizwa dawa ya ganzi, mpira unapita, na kuangalia kwenyewe ni dakika chache. Inakera kuliko kuuma. Kama umepewa dawa ya usingizi, nenda na ndugu wa kukurudisha nyumbani. Beba daftari lako na maboksi ya dawa zote unazotumia, na mwambie daktari hata zile ulizopewa bila cheti.